Mahali pa Samaki katika Chombo: Historia ya Ngama, Falka na Kasha la Barafu katika Ufuko wa Mara

1.0 Utangulizi

Historia ya uvuvi katika Ziwa Viktoria imeandikwa zaidi kwa kufuata nyavu, aina za samaki na masoko. Chombo chenyewe kimeelezwa kwa urefu wake, kwa mbao zake na kwa injini yake. Jambo moja limepitwa mara nyingi, nalo ni mahali samaki wanapowekwa baada ya kutolewa majini na kabla ya kufikishwa mwaloni. Mahali hapo ni padogo, aghalabu ni nafasi ya hatua mbili au tatu katikati ya chombo. Hata hivyo, ndipo kazi ya usiku mzima inapohifadhiwa au kupotea. Wahenga waliosema kwamba samaki mmoja akioza huoza wote walikuwa wakitoa funzo la maadili, lakini walilijenga funzo hilo juu ya jambo ambalo kila mvuvi analijua kwa pua yake.

Mhadhara huu unachunguza historia ya mahali hapo katika sehemu tatu za Mkoa wa Mara. Musoma ni mji uliokaa juu ya rasi, kwenye mlango wa Ghuba ya Mara. Bunda iko kusini mwake na inatazama Ghuba ya Speke, na kutoka Kisorya kivuko huvusha watu kwenda Ukerewe. Butiama hujulikana zaidi kwa vilima vyake na kwa kuwa mahali alipozaliwa Julius Nyerere mwaka 1922, lakini wilaya yenye jina hilo, iliyoanzishwa mwaka 2012, inafika kwenye Ghuba ya Mara na kwenye kinamasi kikubwa cha Mto Mara. Katika ufuko huo Wajita, Wakwaya, Waruri, Wakerewe, Wazanaki, Waikizu, Wakurya na Wajaluo hukutana mwaloni, na lugha inayowakutanisha ni Kiswahili.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kila mara mahali pa samaki katika chombo palipobadilika, mamlaka juu ya samaki hao nayo yalihama, na Kiswahili kilidaiwa jina la kupaita mahali hapo. Deni hilo halijalipwa lote.

2.0 Chombo Kisicho na Ghala

Chombo cha kale cha maji ya ndani kilikuwa gogo lililochongwa. Lugha nyingi za Kibantu zinazolizunguka Ziwa zinakiita kwa jina lenye shina moja, -ato: Waganda husema eryato na Wahaya husema obwato, na upande wa magharibi ya mbali Kilingala kina bwato. Kiswahili cha pwani kilikuwa na majina yake, likiwemo mtumbwi, na ndilo lililoenea hadi Mara. Leo mvuvi wa Musoma huweza kukiita mtumbwi hata chombo kirefu cha mbao chenye mkuku, ambacho mtu wa pwani angekitafutia jina jingine.

Chombo hicho cha mbao nacho kina historia yake. Mafundi wa Visiwa vya Sese, katika Buganda, waliunda mitumbwi kwa kuchonga gogo la mkuku na kulishonea mbao kwa kamba za nyuzi. Henry Morton Stanley, aliyeondoka Kageyi tarehe 8 Machi 1875 na kulizunguka Ziwa, aliiona mitumbwi ya namna hiyo ikikusanyika kwa makundi makubwa. Baadaye misumari ilichukua nafasi ya kamba, nyufa zikazibwa kwa pamba, na umbo la Sese likasambaa pande zote za Ziwa pamoja na jina lake.

Katika vyombo vyote hivyo, vya gogo na vya mbao, hapakuwa na ghala. Samaki walilazwa chini, katikati ya miguu ya wavuvi, ambapo maji yanayovuja na yanayoruka kutoka kwenye mawimbi hukusanyika. Si kwamba mafundi hawakujua kutenga sehemu. Waliojua kuchonga mkuku na kushona mbao pasipo msumari wasingeshindwa kuweka kizuizi. Sababu ni kwamba ghala halikuhitajika majini. Mvuvi alitega karibu na pwani ya kwao, akatoka jioni na kurudi alfajiri. Ghala lake lilikuwa nchi kavu: mwamba wa kuanikia, kichanja cha kubanikia, na chungu cha mke wake. Samaki aliyekauka au kubanikwa vizuri alivumilia safari ya kwenda kubadilishwa kwa nafaka kwa watu wa vilimani.

Aina ya samaki nayo ilisaidia. Katika kinamasi cha Mto Mara, upande wa Butiama, wavuvi hupata kambare na kamongo, samaki ambao huweza kuvuta hewa na kwa hiyo hukaa hai muda mrefu baada ya kutolewa majini. Samaki aliye hai haozi. Mvuvi wa matete alihitaji tu ukingo wa kumzuia asirudi majini. Sato, ningu na furu wa maji mapana hawana uvumilivu huo, na dagaa ni dhaifu kuliko wote. Tofauti hii ya maumbile ilitosha kuufanya ufuko mmoja uwe na desturi mbili za kuhifadhi, hata kabla ya bidhaa yoyote kutoka nje kufika.

3.0 Msamiati wa Pwani Waingia Ziwani

Stanley alilizunguka Ziwa kwa mashua iliyoitwa Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande na wapagazi kutoka pwani na kuungwa upya ilipofika Ziwani. Waliopiga makasia walikuwa watu waliotoka Unguja. Mashua hiyo ilipita mbele ya ufuko wa Mara ikiwa na mabaharia waliozaliwa katika utamaduni wa jahazi. Kabla yao na baada yao, misafara ya biashara ilileta Kiswahili kwenye fuko za kusini mwa Ziwa, na pamoja na lugha yakaja maneno ya chombo.

Maneno hayo ni mengi na ni sahihi mno. Mbele ya chombo ni omo na nyuma ni tezi. Uti wa chini ni mkuku, mbavu zake ni mataruma, na uzito unaowekwa ili chombo kisiyumbe ni farumi. Kwa mahali pa kuwekea vitu, pwani ina maneno mawili yanayostahili kutazamwa. Ngama ni sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, ambapo maji machafu hukusanyika na kukumbwa. Falka ni nafasi ya ndani inayopakiwa shehena. Baharia wa jahazi hachanganyi mambo haya mawili, kwa kuwa shehena yake ya tende, mchele au boriti hutandikiwa ili isiguswe na maji ya ngama. Kwa kutumia msamiati huu, hali ya mtumbwi wa Mara inaelezeka kwa sentensi fupi: ulikuwa na ngama bila falka, na samaki walisafiri ndani ya ngama.

Mwaka 1928 una nafasi ya pekee katika habari hii. Mwaka huo mkutano uliofanyika Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka huo huo reli kutoka Tabora ilifika Mwanza. Na katika mwaka wa 1927 na 1928 Michael Graham aliendesha uchunguzi mkubwa wa kwanza wa uvuvi wa Ziwa Viktoria, uliochapishwa mwaka 1929. Hakuna aliyepanga mambo hayo matatu yakutane, lakini matokeo yake yalikutana. Reli ilianza kulifungua Ziwa kwa masoko ya mbali. Uchunguzi uliwahesabu samaki na kuzipima nyavu. Usanifishaji, kwa upande wake, uliupa msamiati wa bahari hadhi ya kuwa msamiati wa vyombo kwa watu wote, pamoja na wale ambao hawakupata kuiona bahari.

Matokeo yake yanaonekana katika kamusi. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, na hata Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, zina utajiri mkubwa wa maneno ya jahazi. Maneno ya Ziwa yaliingia polepole zaidi. Mwalo, yaani mahali vyombo vinapofikia na samaki kuuzwa, ni neno ambalo mvuvi wa Bunda hawezi kufanya kazi bila kulitaja, ilhali pwani husema diko.

Jambo hili halipaswi kuchukuliwa kuwa lawama kwa pwani. Nyerere, mtoto wa Butiama ambaye lugha yake ya kwanza ilikuwa Kizanaki na aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, alitafsiri tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Mabepari wa Venisi, iliyochapishwa mwaka 1969. Kiini cha tamthilia hiyo ni mfanyabiashara ambaye mali yake yote iko baharini. Ikiwa mtu wa vilima vya Mara aliweza kutumia Kiswahili kuieleza bandari ya Venisi, basi lugha hiyo haikuwa mali ya watu wa bahari pekee. Vivyo hivyo, Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, nayo ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Kazi hizo mbili zinaonyesha njia mbili: ya kwanza iliyachukua maneno ya Kiswahili na kuyatumia kwa habari za mbali, ya pili iliyaleta maisha ya Ziwa ndani ya Kiswahili. Msamiati wa chombo cha uvuvi unahitaji njia zote mbili.

4.0 Sangara na Barafu

Mabadiliko makubwa ya mahali pa samaki yaliletwa na samaki mwenyewe. Sangara alipandikizwa katika Ziwa upande wa Uganda katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea katika maji ya Tanzania, huku furu wakipungua vibaya. Wakenya walimwita mbuta, Waganda mputa, na katika baadhi ya sehemu za Tanzania alipewa jina la mkombozi. Jina hilo la mwisho linaeleza matumaini ya wakati ule kuliko takwimu.

Sangara hakufaa ghala la zamani. Ni mkubwa na ana mafuta mengi, hivyo hakauki kwa jua kama furu au dagaa. Wachuuzi walijifunza kumkaanga, kumbanika kwa kuni nyingi, na kumtia chumvi na kumwanika, na samaki huyo wa chumvi akapata jina la kayabo. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1990, viwanda vya minofu vilianza kujengwa katika fuko za Tanzania, Mwanza kwanza na Musoma pia. Kiwanda hakitaki kayabo. Kinataka sangara mbichi aliyepozwa tangu alipotoka majini.

Sharti hilo lilipewa nguvu ya sheria mbali na Mara. Agizo la Jumuiya ya Ulaya la mwaka 1991 kuhusu usafi wa mazao ya uvuvi lilianza chomboni na kuishia mezani. Mwishoni mwa mwaka 1997, kwa sababu ya hofu ya kipindupindu, Umoja wa Ulaya uliwazuia samaki wabichi kutoka Afrika ya Mashariki. Mwaka 1999 ukawazuia tena samaki wa Ziwa Viktoria, safari hii kwa hofu ya sumu iliyodaiwa kutumiwa kuvulia. Kwa mara ya kwanza, sakafu ya mtumbwi uliolala mwaloni ikawa jambo la kujadiliwa Brussels. Samaki waliokuwa wakisafiri ndani ya ngama sasa walitakiwa kuwa na mahali pao, pasipoguswa na maji machafu, petroli wala jua.

5.0 Ufundi wa Kasha

Kuongeza mahali pa kuhifadhia ndani ya chombo kilichokwisha kuundwa ni kazi inayohitaji hadhari. Njia iliyo rahisi ni kuweka sanduku lenye kuta mbili, za mbao au plastiki ngumu, na kati yake povu gumu linalozuia joto. Njia iliyo bora lakini ghali ni kulijenga kasha hilo liwe sehemu ya chombo, likifuata umbo la mataruma. Katika njia zote mbili kanuni ni zile zile. Kasha likae katikati na chini, kwa kuwa likiwa juu chombo huyumba. Mbao za kukalia zinazoshika pande mbili za chombo zisikatwe ili kulipisha, kwa sababu ndizo zinazozuia pande hizo zisifunguke wakati wa mawimbi. Kifuniko kibane. Chini pawe na tundu lenye kizibo la kutolea maji ya barafu iliyoyeyuka, na maji hayo yasiachwe yakusanyike, maana maji yanayotembea ndani ya chombo huvuta chombo upande kinaoinamia.

Hesabu ya barafu nayo ina mafunzo. Ili kumpoza samaki wa kilo 1 kutoka nyuzi 25 za Selsiasi hadi 0, barafu inayohitajika kinadharia ni kidogo zaidi ya robo kilo. Kwa kuwa joto la nje huendelea kuingia, ushauri wa kawaida katika nchi za joto ni barafu kilo 1 kwa samaki kilo 1. Kasha lenye samaki kilo 200 na barafu kilo 200 huongeza chomboni uzito wa watu wapatao 6. Kwa upande mwingine, faida yake ni kubwa. Samaki asiyepozwa katika joto la Ziwa huanza kuharibika ndani ya saa chache, ilhali sangara aliyezikwa vizuri katika barafu huweza kufaa kuliwa kwa wiki tatu hivi.

Tatizo hili si la Mara pekee. Wavuvi wa Senegali walijenga makasha ya barafu ndani ya mitumbwi yao mirefu na kuweza kukaa baharini siku nyingi. Mwaka 2003 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilichapisha kitabu kizima kuhusu matumizi ya barafu katika vyombo vidogo vya uvuvi. Hata kayaki, chombo cha wawindaji wa Greenland na kaskazini ya Kanada, kimepitia historia inayofanana na hii. Cha asili kilifunikwa kwa ngozi juu yote, kikabakiza tundu la mtu mmoja kukaa, na zana nyingi zilifungwa juu ya ngozi hiyo. Kayaki za kisasa za kuvulia hukatwa matundu mengine yenye vifuniko vya kubana na mpira wa kuzuia maji, na ndani hutengwa vyumba. Kule adui anayezuiwa ni maji na huku ni joto, lakini somo ni moja: kila tundu jipya katika chombo huongeza nafasi ya mzigo na huongeza pia mlango wa hatari, na fundi hana budi kuvipima vyote viwili.

6.0 Mwenye Barafu

Palipokuwa hapana ghala, mvuvi alifungwa na saa. Alilazimika kurudi asubuhi, lakini aliporudi samaki walikuwa mikononi mwake na mwa tajiri wa mtumbwi, na mchuuzi alikuja kwao. Kasha lilimfungua mvuvi kutoka kwenye saa. Aliweza kwenda mbali, kukaa kambini visiwani, na kuwasubiri samaki wanene. Lakini barafu haitengenezwi mwaloni. Ilitoka kiwandani, ikaletwa na boti za kukusanya samaki zilizopita kambi hadi kambi, na mara nyingi aliyeleta barafu ndiye aliyekopesha nyavu na mafuta, na ndiye aliyetaja bei. Mvuvi asiye na kasha lake wala barafu yake hakuweza kuikataa bei hiyo, kwa kuwa kukataa ni kuozesha.

Kilichobaki baada ya mnofu kwenda Ulaya kilipata majina yake. Mifupa na vichwa vikaitwa mapanki, neno lililozua mjadala mkali nchini mwaka 2006 kufuatia filamu ya Darwin's Nightmare ya mwaka 2004. Kibofu cha hewa, bondo, kikawa bidhaa ya Asia ya Mashariki, na kikikaushwa thamani yake kwa kilo hupita mbali ile ya mnofu. Katika miaka ya baada ya 2010, sangara walipopungua, baadhi ya viwanda vya ukanda wa Ziwa, vikiwemo vya Musoma, vilisimama. Kiwanda kinaposimama, barafu hupungua pia, na mvuvi aliyekwisha kuuzoea umbali hujikuta na kasha tupu. Wakati huo dagaa, ambao huanikwa mchangani na kwenye vichanja, wamekuwa sehemu kubwa kuliko nyingine ya uzito wa samaki wanaovuliwa Ziwani. Nao pia hulundikwa chini ya mtumbwi usiku kucha, na wale wa chini hupondeka na kuloweshwa na maji ya ngama kabla jua halijachomoza.

7.0 Hitimisho

Katika maandishi ya kitaalamu ya Kiswahili, mahali pa samaki katika chombo hutajwa kwa majina yanayotofautiana: kasha, sanduku, jokofu, chumba cha baridi, hifadhi. Tofauti hizo si za mapambo. Anayeagizwa kusafisha hifadhi anaweza kulisafisha kasha na kuiacha ngama, na maji machafu ya ngama ndiyo yanayowafikia samaki. Maelekezo ya usafi au ya usalama yasiyotaja sehemu kwa jina moja linaloeleweka mwaloni hayawezi kutimizwa wala kudaiwa.

Msamiati uliopo unatosha kuanzia. Ngama ibaki na maana yake ya pwani, kwa kuwa inataja mahali ambapo samaki hawapaswi kulazwa. Falka ifufuliwe kwa sehemu iliyojengwa ndani ya chombo na yenye kifuniko. Kasha liwe lile linaloweza kuinuliwa na kuhamishwa. Mwalo, kayabo, mapanki na mabondo yaingizwe katika kila kamusi na maelezo kamili, yakiwa maneno ya Kiswahili sawasawa na omo na tezi. Kazi hiyo haiwezi kufanywa maktabani peke yake. Inahitaji mtafiti asimame Musoma, Kisorya na kando ya kinamasi cha Mara, awaulize mafundi wanaotia pamba kwenye nyufa na wanawake wanaopokea samaki alfajiri, na ayaandike majina wanayoyatumia kabla ya kupendekeza mengine.

Bahari ilikikopesha Ziwa maneno ya chombo, na Ziwa limeyatumia kwa zaidi ya karne moja. Katika muda huo Ziwa limepata uzoefu ambao jahazi halikuwa nao, wa kuishindania saa moja dhidi ya kuoza kwa barafu inayomilikiwa na mtu mwingine. Kiswahili kitakachoweza kuutaja uzoefu huo kwa usahihi kitampa mvuvi wa Mara jambo moja alilolikosa tangu barafu ilipofika, nalo ni uwezo wa kusoma katika lugha yake mkataba, kanuni na mchoro wa chombo chake, na kujua pasipo kukisia ni wapi samaki wake wanapotakiwa kuwekwa na kwa faida ya nani.